Maua Kichwa Chini

Kinyozi alikuwa na maneno mengi, na maneno yalikuwa sehemu ya kazi. Mtu akikaa kwenye kiti chake alinyolewa nywele na kusimuliwa mambo ya mtaa mzima kwa mkupuo mmoja, na kama hakutaka kusikiliza, angekwenda wapi na shingo yake iko chini ya wembe? Ndiyo maana siku ile fundi wa mapazia alipoingia kibandani na utepe wa kupimia shingoni, akamwambia, "Hebu sogea, unanizibia mwanga," na Kinyozi akasogea bila kujibu, wateja waliokuwa kwenye benchi walitazamana.

Wakati huo Kinyozi alikuwa amekwisha kuzika mke wake wa kwanza, na Fundi mume wake wa kwanza, na watoto wa pande zote mbili walikuwa na nyumba zao. Fundi alipima mlango wa kibanda, akaenda, akashona pazia, akalileta, likakaa sawasawa. Kazi ikawa imeisha, na Kinyozi akaona hapo pana hatari: kazi imeisha. Akawaza harakaharaka, akaagiza pazia la pili, la dirishani.

"Dirisha liko wapi?" Fundi aliuliza, akizitazama kuta ambazo hazikuwa na hata tundu la msumari.

"Nitalitoboa."

Fundi alilishona pazia lile bila kucheka. Alilitundika mwenyewe ukutani, akarudi nyuma kuhakikisha kwamba limenyooka, akasema, "Ukitoboa, uniite nije nione." Mpaka Kinyozi anamwachia mpwa wake kiti na mikasi, dirisha halijatobolewa na pazia liko palepale. Walioana mwaka uleule wa mapazia. Watoto walinong'onezana kwenye simu, kwamba wazee hawa wanatafuta nini tena, kisha wakanyamaza, kwa sababu kila aliyekwenda kuwatembelea alisikia vicheko kabla hajabisha hodi.

Halafu uzee ukaanza kuchukua chake. Ulianza na Fundi. Ilikuwa presha ya macho, na katika ugonjwa huo kinachopotea hakirudi. Daktari alimpa matone ya kulinda kilichobaki, na kilichobaki kilikuwa mwanga, vivuli, na rangi kali zikisogezwa karibu na pua. Kinyozi naye, asubuhi moja akiwa ameinama kufunga kamba za viatu, alipigwa na kiharusi. Ulimi ulinusurika. Mke wake alisema hakushangaa, kwamba hata kiharusi kiliuogopa ule ulimi. Mguu ulirudi kwa mazoezi. Mkono wa kulia, ule uliokuwa umeshika wembe maisha yake yote, ulibaki unatetemeka, leo unashika kitu, kesho unakiangusha.

Hawakukaa chini wakapanga. Siku moja Kinyozi alikuwa chumbani akikitukana kifungo cha shati, Fundi akaingia, akavipapasa vifungo kuanzia kolani, akavifunga vyote kwa ncha za vidole. Kinyozi akajitazama kwenye kioo. "Umeruka kimoja," akasema. Fundi akavirudia. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kawaida ya nyumba. Mikono ikawa ya mke, macho yakawa ya mume. Fundi akikaa kwenye cherehani, Kinyozi alikaa kwenye kigoda pembeni yake: "Kushoto kidogo. Nyoosha. Taratibu, unafika pindoni." Kutia uzi kwenye sindano kulikuwa shughuli ya watu wawili: Fundi aliishika sindano, imara, bila kutikisika, na Kinyozi aliuleta uzi kwa mkono wa kushoto, ulimi nje, pumzi ameibana, mpaka upite. Ukipita, aliyeupitisha alijisifu siku nzima.

Kubwa kuliko yote ilikuwa ndevu. Kwa mpwa wake Kinyozi hakutaka kwenda. Akalie kiti chake mwenyewe anyolewe mbele ya wateja wake mwenyewe, hapana. Basi Fundi alimpaka povu, akashika wembe, na Kinyozi akiwa ameelekea kioo alitoa amri. Shuka. Simama. Inua. Sasa zunguka chini ya sikio. Mara ya kwanza wote wawili walitoka jasho. Baada ya hapo mikono ya Fundi ikalijua lile taya kuliko ilivyowahi kuijua njia ya jikoni, na Kinyozi, ambaye alikuwa amenyoa nyuso zisizo na idadi, aligundua kwamba hajawahi kujua raha ya upande wa pili wa wembe.

Watoto walijua kwamba macho ya mama mdogo "yanasumbua" na mkono wa baba "unaendelea vizuri". Yanasumbua kiasi gani, hawakuambiwa. Fundi aliijua nyumba yake kwa miguu na vidole. Mgeni angekaa, akanywa chai, akaaga, na asigundue kitu. Kilichowaumbua ni balbu. Iliungua chumbani siku waliyoalikwa harusini, wakavaa gizagiza, na Kinyozi akakaa ukumbini mbele za watu na shati lililofungwa mshazari, upande mmoja juu, upande mwingine chini. Mtu mmoja mwenye mdomo mwepesi akapiga simu.

Binti mkubwa wa Kinyozi hakuwa mtu wa kelele. Alisimamia ofisi ya kampuni ya usafirishaji, na alizoea kuona tatizo na kulitafutia gari. "Baba, nakuja Jumamosi," alisema. "Nimekutayarishia chumba, kina jua asubuhi. Kaka naye yuko hapa kwangu, tumekubaliana. Huyo mama naye kachoka, tusimwonee. Kila mmoja atunzwe na watoto wake."

Alisema kwa upendo, na hilo ndilo lililomkosesha Kinyozi jibu. Angekuwa mkali, angemjibu. Alikata simu akakaa, akakiona kile chumba chenye jua: kitanda kimetandikwa, chai imeletwa, vifungo vimefungwa na mtu mwenye haraka na macho mazima. Huko angekuwa mtu wa kufanyiwa kila kitu na asiyefanya chochote. Na Fundi angebaki hapa, au angepelekwa kwa mwanawe, na nani angemwambia kushoto kidogo? Kinyozi aliogopa. Hakuogopa hivyo hata siku aliyoanguka na kamba ya kiatu mkononi.

Wakakubaliana jambo moja: Jumamosi binti awakute wanajiweza. Kosa lao likaanzia hapo, kwa sababu kila mmoja alilichukua neno hilo akalitafsiri peke yake. Fundi aliona kujiweza ni kufanya bila macho ya mume. Kinyozi aliona kujiweza ni kufanya bila mikono ya mke. Wala hawakuambiana.

Fundi ndiye aliyetangulia. Kinyozi alipokuwa kwenye mazoezi, alitoa kitambaa cha maua alichokuwa amekiweka akiba, akakata na kushona mapazia mawili ya sebuleni kwa cherehani iliyokuwa tayari na uzi, akayatundika. Kinyozi aliporudi alimkuta amesimama mbele ya dirisha, mikono ameikunja, uso umemnawiri.

"Vipi?" aliuliza.

Kinyozi alitazama. Mishono ilikuwa imenyooka kuliko ya fundi mwenye macho manne. Pazia la kushoto lilikuwa na maua mekundu yaliyosimama kwenye mashina yake, yakitazama juu. Pazia la kulia lilikuwa na maua yaleyale yakitazama sakafuni. Alikuwa ameshona utepe wa kutundikia kwenye mwisho usio wake, na vidole havina namna ya kujua ua limeelekea wapi.

Kazi ya Kinyozi katika nyumba ile ilikuwa moja tu, kusema anachokiona. Lakini alimtazama mkewe usoni, akaona furaha ambayo hakuwa ameiona kwa muda mrefu, na moyo ukamlegea.

"Yamependeza," akasema. "Yamependeza sana, Fundi."

Siku zilizobaki alikuwa akikaa ameyapa mgongo.

Jumamosi ikafika. Fundi alikuwa jikoni akipanga vikombe, na Kinyozi akajifungia bafuni na vyombo vyake vya zamani. Aliazimia binti akute uso uliolainika, na akiulizwa nani kakunyoa, aseme mimi. Na kwa mkono wa kulia, ili mjadala uishe. Shavu la kwanza lilikwenda vizuri, akaanza hata kupiga mluzi. Chini ya kidevu mkono ukaruka. Akaujaribu tena, ukaruka tena. Alikuwa amesimama pale na damu kwenye povu, akibandika vipande vya karatasi kama mwanafunzi wa kinyozi siku yake ya kwanza, hodi ikapigwa.

Binti aliingia na sanduku kubwa. Wepesi wa sanduku ulionekana kwa jinsi alivyolibeba. Lilikuwa tupu, lilikuja kujazwa.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa. Baba yako anamalizia kujitengeneza, unamjua alivyo na madaha."

Kinyozi akatokea. Binti akainuka kumsalimu, akasita.

"Baba! Umefanya nini usoni?"

"Usoni kuna nini?" Fundi aliuliza haraka.

"Hakuna kitu," Kinyozi akajibu. "Wembe mpya huo, una hasira. Tunywe chai."

Wakakaa. Fundi akamimina chai kwa kusikiliza kikombe kinavyojaa, na hakumwaga hata tone. Binti alikunywa, akazungusha macho sebuleni, yakatua dirishani, yakabaki huko. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alitafuta neno la kumfurahisha mwenye nyumba.

"Mapazia mapya haya, mama mdogo? Umeyashona wewe?"

"Kwa mikono yangu miwili. Umeyaonaje?"

"Mazuri. Na hili moja kuligeuza maua kichwa chini, ndiyo mtindo wa siku hizi?"

Fundi aliweka birika mezani taratibu. Alikwenda dirishani, akashika pazia la kulia, akalipapasa kuanzia juu hadi chini, kisha akalivuta mpaka puani akalitazama kwa kile kijimwanga alichobakiwa nacho.

"Kinyozi," akasema bila kugeuka. "Uliliona?"

"Niliona," Kinyozi akasema.

"Siku ileile?"

"Siku ileile."

"Na ukaniambia yamependeza."

"Ulikuwa umefurahi, Fundi. Ningekuvunja moyo vipi?"

"Ungenivunja moyo, ningelia kidogo, ningefumua, tungeshona upya!" Sauti yake ilipanda, na binti, aliyekuwa hajawahi kumsikia akipaza sauti, akaweka kikombe chini. "Wewe ndiye macho yangu. Dunia nzima naijua kwa mdomo wako. Ukisema pamenyooka, naamini pamenyooka. Ukisema hakuna mtu mlangoni, navua kitambaa kichwani. Sasa ukianza kunipamba kwa uongo, mimi nitashika nini? Nitajuaje lini unasema na lini unanionea huruma?"

Kinyozi aliinamisha kichwa. Aliona aibu, aibu ya mtu mzima ambayo haina pa kujificha, na zaidi ya aibu aliona kwamba mke wake ana haki yote. Alikuwa amemnyang'anya macho mara ya pili.

Fundi alimgeukia binti, akielekeza uso palipokuwa na kivuli chake. "Mwanangu, mimi sioni. Siyo kwamba macho yananisumbua. Sioni. Wewe hapo nakuona kama doa la bluu. Shati la baba yako lile la harusini nililifunga mimi, gizani, na kosa ni langu. Nimesema, sasa niambie na wewe. Usoni kwake kuna nini?"

"Amejikata, mama mdogo. Sehemu mbili. Na amenyoa upande mmoja tu."

"Amejinyoa mwenyewe?"

"Nadhani."

Fundi alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Kumbe tuko wawili. Mikono yangu ilikuwa wapi, Kinyozi? Ilikuwa hapa jikoni inapanga vikombe. Ungeita tu."

"Nilitaka anikute najiweza."

"Na mimi vilevile," Fundi akasema, na hasira ikamtoka pamoja na pumzi. "Basi tazama tulivyojiweza. Wewe nusu mbuzi nusu mtu, na mimi bustani imepinduka."

Kinyozi alicheka. Hakutaka, lakini alicheka, mpaka kipande cha karatasi kikadondoka kidevuni. Binti hakucheka. Macho yalikuwa yamemlowa.

"Baba," akasema, "hamwoni? Ndiyo maana nimekuja. Mimi sipati usingizi. Mkianguka wote wawili humu ndani nani atajua? Nimekuja na sanduku, si kwa ubaya."

"Najua si kwa ubaya," alijibu Fundi. "Na sitakuzuia. Akitaka kwenda, nitamkunjia nguo mwenyewe. Ila haendi na uso huo. Watasema nilimtoa hivyo. Kinyozi, kaa."

Kiti kilikuwa palepale panapokaa siku zote, mbele ya kioo cha ukutani, ubavuni mwa dirisha. Kinyozi akakaa. Fundi akaleta maji ya moto, sabuni, brashi, na wembe, akamfunga taulo shingoni kwa kupapasa, akaanza kumpaka povu. Binti hakuelewa mpaka alipoona wembe umefunguliwa.

"Mama mdogo, subiri! Umesema huoni!" Akaruka kuudaka mkono.

"Nyamaza, utamshtua," Kinyozi alisema bila kutikisa taya, naye alisema kwa sauti ambayo binti hakuwa ameisikia tangu utotoni. "Rudi nyuma. Unatuzibia mwanga."

Binti akarudi nyuma mpaka ukutani, kiganja mdomoni.

"Weka," alisema Kinyozi. Wembe ukatua. "Shuka. Shuka. Simama. Hapo kuna kidonda, ruka. Zaidi kidogo. Sawa, shuka."

Fundi hakutazama uso wa mume wake wala hakujisumbua kuutafuta. Alikuwa ameinamisha sikio, kidole gumba kikitangulia mbele ya wembe kuvuta ngozi, na mkono ulifuata neno bila kuchelewa wala kuwahi. Kidevuni alisimama mwenyewe kabla ya kuambiwa. Kooni, pale ambapo Kinyozi peke yake alikuwa amejikata mara mbili, mume aliinua kichwa akaifunga midomo, kwa sababu pale hakuweza kusema, na alimwongoza mkewe kwa kumbonyeza goti kwa mkono wake wa kushoto. Kubonyeza mara moja kushuka, mara mbili kusimama. Kwenye kioo Kinyozi alimwona binti yake nyuma, ameacha kutazama wembe. Alikuwa akiutazama ule mkono wa gotini.

Walipomaliza, Fundi alimpangusa, akayapapasa mashavu yote mawili kwa viganja. "Vipi?" akauliza.

Kinyozi alijitazama kwa makini, kama anayetazama mteja wa kulipa. "Umeacha vinywele viwili chini ya pua," akasema.

"Kweli?"

"Kweli tupu. Siku hizi sisemi uongo."

Akavitoa. Kisha Fundi akaelekeza kidole dirishani. "Sasa lile. Fundi hatundiki kazi mbovu mbele ya mgeni. Mwanangu, una miguu mizima, niteremshie."

Binti alipanda kwenye kiti, akaliteremsha pazia la kulia. Fundi akakaa nalo mapajani, akafumua utepe na pindo kwa kijiwembe kidogo. Mwisho wa juu na wa chini akauwekea alama kwa pini, safari hii akimuuliza mume wake kila pini: maua yanatazama wapi hapa, na hapa? Kinyozi alimjibu kila mara bila kuongeza neno la utamu. Pindo alitaka kulishikiza kwanza kwa mishono ya mkono, kabla ya cherehani. Akachomoa sindano kwenye kijimto cha pini.

"Kinyozi, uzi."

Kinyozi akavuta kigoda chake, akakata uzi kwa meno. Fundi akaisimamisha sindano hewani, tundu likielekea dirishani. Mkono wa kushoto wa Kinyozi ukaja, ulimi ukatoka nje, uzi ukagonga chuma ukapinda. Akaulowesha. Ukapita pembeni.

"Umelenga mtaa wa pili," Fundi akasema.

"Wewe shika, acha maneno. Juu kidogo. Umezidisha."

Binti alikuwa amekaa karibu kabisa. Alikuwa na macho mazima na mikono yote miwili. Angetunga uzi ule kwa kupepesa jicho mara moja, na kazi ikaendelea. Kinyozi aliuona mkono wake ukinyanyuka kwenda kwenye sindano. Mkono ukafika katikati, ukasimama. Kisha binti akaurudisha, akauweka chini ya mkono wake mwingine mapajani, akaushikilia hapo.

Simu yake ikaita ndani ya mkoba. Akaitoa, akaongea chini chini akiwa amegeuza uso. Hata hivyo sauti ya kaka yake ilisikika, akiuliza kama wamekwisha kutoka, maana chumba kiko tayari na chakula kinapoa.

"Bado," alisema binti. Mbele yake uzi ulikuwa umekosa tundu tena, na wazee wawili walikuwa wakilaumiana kwa kunong'ona, vichwa vyao vimegusana. Sanduku tupu lilikuwa mlangoni. "Kuleni tu, msitungoje. Hatuji. Nitakueleza baadaye, siwezi kuongea sasa hivi, wanatia uzi."